Sauti ya Nyuma ya Goli

Kambi ya timu, Nakuru
9 Machi 2025

Kwa Shangazi Chepkosgei, malkia wa viazi vya Kuresoi,

Hamjambo huko juu kwenye baridi? Mimi sijambo. Huku Nakuru jua ni kali na vumbi la uwanja linaingia hadi kwenye chai, lakini chakula ni kizuri na nina kitanda changu peke yangu, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Na usiniambie kwamba sijaona lolote tangu nizaliwe, huo utani umeutumia sana.

Baba amenipigia kutoka Mau Narok. Anasema ngano imekubali mwaka huu na kwamba trekta ya tajiri wake inamheshimu kuliko mimi.

Sasa habari yenyewe. Nimechaguliwa! Ile timu ya taifa ya wasichana wasioona, itakayokwenda Kampala mwezi wa kumi kucheza na mataifa mengine, mimi nimo. Kutakuwa na Wajapani na Waajentina, Shangazi. Mimi Jeruto, niliyejifunza kupiga chenga kwa kuwakwepa mbuzi wako.

Tatizo ni moja. Mwelekezi wetu anaitwa Celestine, mtu wa Ndabibi, na ni mpole kama maziwa ya uvuguvugu. Unajua kazi yenyewe: anasimama nyuma ya goli la wapinzani, anatuambia goli liko wapi, adui yuko wapi, lini upige. Anaona vizuri na mpira anaujua. Lakini anaongea kama mtu aliyechelewa kanisani na sasa anaomba kupishwa kwenye benchi.

Mimi nimezoea wewe. Unakumbuka siku ile shuleni, mwelekezi wetu aliugua, na wewe ulikuwa umekuja tu kuniletea mursik, yale maziwa yetu ya mgando? Ukasimama nyuma ya goli na kibuyu mkononi, ukapiga kelele mpaka wapinzani nao wakaanza kufuata maelekezo yako. Tangu siku hiyo sijafunga goli bila sauti yako.

Kwa hivyo nakuomba. Kunywa tangawizi, umwambie Kipyegon dereva akurekodi kwenye simu yake, anitumie, nimsikilizishe Celestine. Na simu yako ina nini? Tangu Januari haipatikani.

Barua hii naipa Kipyegon, anakuja sokoni Alhamisi na lori la viazi. Tafadhali jibu kwa nukta nundu, nisome mwenyewe. Mara ya mwisho matroni alinisomea barua yako na akacheka kabla hajafika mahali pa kucheka.

Mpwa wako,
Jeruto


Kuresoi
24 Machi 2025

Jeruto mwanangu,

Nimeipokea barua yako, nikaipitia kwa macho kwanza, halafu nikafumba macho nikaijaribu kwa vidole kama mlivyotufundisha wazazi kule shuleni. Kwa vidole ilinichukua mpaka maharagwe yakaungua. Pongezi! Kiprugut jirani yetu nimempa habari na tayari ametangaza bonde zima kwamba ni yeye aliyekufundisha kukimbia, kwa vile mbwa wake alikuwa akikufukuza.

Tuko salama. Mvua imeanza, viazi vimetoka vizuri. Ng'ombe yule mwekundu ana mimba na ana kiburi. Simu yangu iliingia kwenye pipa la maji yake. Hakuimeza, lakini pia hakuisaidia.

Kuhusu kurekodi: hapana. Sauti si kiazi, haiwekwi kwenye gunia ikatumwa Nakuru. Halafu kupiga kelele mbele ya simu, peke yangu, shambani, "Kulia! Kushoto! Piga!", majirani watanipeleka kwa mchungaji niombewe. Mzoee huyo Celestine. Kila mtu alizaliwa akiwa mgeni.

Wewe unacheza? Hukuniambia unacheza nafasi gani. Kula vizuri. Vaa sweta.

Sisi sote tunakupinda,
Shangazi yako


Nakuru
10 Aprili 2025

Kwa Shangazi anayenipinda,

Nilicheka mpaka wenzangu wakaamka. Hizo "i" na "e" zimekushinda tangu nikiwa darasa la tatu. Ukitoboa karatasi kwa upande wa nyuma, nukta za moja hugeuka kuwa za nyingine. Sasa timu nzima inaniita Aliyepindwa.

Sijambo, afya iko. Wenzangu ni watu wazuri. Beki wetu Jepkemei anakoroma kwa sauti ya tingatinga, lakini uwanjani hapitiki. Anayemkaribia mwenye mpira lazima aseme "voy", yaani nakuja, ili tusigongane vichwa. Jepkemei husema "voy" kwa namna ambayo wengine huacha mpira na kuondoka.

Kuhusu nafasi yangu: kocha ananitunza. Anasema mimi ni silaha, na silaha haitolewi kila siku. Kwa hivyo mambo ni mazuri sana, usiwe na wasiwasi wowote.

Tarehe ishirini na sita tuna mechi ya kirafiki hapa Nakuru na timu kutoka Tanzania. Njoo! Najua watazamaji wanatakiwa kunyamaza mpira ukiwa unachezwa, ili tusikie njuga zilizo ndani yake, lakini ukitoka nje mnaruhusiwa kupiga kelele. Hapo ndipo nitakusikia. Nitajua uko.

Nilimuuliza Kipyegon mbona wewe ni mgumu hivi siku hizi. Akanyamaza, halafu akaniambia bei ya viazi. Nikamuuliza tena, akaniambia bei ya karoti. Shangazi, Kipyegon hajawahi kunyamaza hata kwenye mazishi. Kuna nini?

Jeruto


Kuresoi
5 Mei 2025

Jeruto mwanangu,

Habari za siku nyingi. Sisi tuko salama. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, tena usiku wa kuamkia hiyo tarehe ishirini na sita, kwa hivyo unaelewa ni kwa nini sikuweza kuja. Nilisikitika sana. Nilimwambia ng'ombe hivyo, naye akanitazama tu.

Baba yako alipita hapa Pasaka, amenenepa. Kiprugut amenunua redio mpya kubwa na sasa tunasikia habari zote tukitaka tusitake.

Nasikia mechi ilikwenda vizuri kwa timu. Hongereni. Mpira wa kuanza safari si lazima uwe wa magoli mengi kwako wewe. Mti hukua polepole. Ila nakuomba kitu kimoja, hiyo benchi ya saruji ni baridi, usiikalie muda mrefu hivyo bila kutandika kitu, utapata ugonjwa wa kiuno kabla hujazaa. Na rangi ya njano inakupendeza kweli kweli.

Kipyegon anapiga honi. Nitaandika zaidi.

Shangazi yako


Nakuru
12 Mei 2025

Shangazi,

Salamu kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha adabu. Salamu. Na ndama pia msalimie, kama yupo.

Sasa. Nani alikuambia kuhusu benchi? Mimi sikumwambia mtu. Baba hajui. Kipyegon siku hiyo alikuwa Eldoret, nimemuuliza, na safari hii hakunitajia karoti. Na jezi za njano zilifika asubuhi ya mechi yenyewe, kwenye katoni. Mimi mwenyewe sikujua ni za njano mpaka niliposoma barua yako nikamuuliza Celestine.

Ulikuja, Shangazi. Ulikuja, ukanitazama nimekaa pale karibu mechi nzima, ukaniona nikiingizwa mwishoni nikikimbilia ukuta wa pembeni mwa uwanja kama kuku aliyekatwa kichwa, ukaona nikitolewa. Halafu ukaenda nyumbani bila kuniita jina. Mpira ulitoka nje mara nyingi tu siku ile. Kila ulipotoka nilitega sikio.

Kama umenionea haya, sema. Mimi si mtoto. Lakini usinidanganye kwa ng'ombe.

Jeruto


Kuresoi
9 Juni 2025

Jeruto mwanangu,

Usiniulize mbona nimekawia. Barua hii nimeianza mara nyingi, na Kipyegon amepita hapa mara nyingi akaondoka na viazi tu.

Ndama yupo. Anaitwa Kampala. Hilo ni kweli tupu.

Na ni kweli nilikuja. Sasa nisikilize mpaka mwisho.

Ule uvimbe wa shingo niliokuwa nikiuficha kwa leso, ulikua. Ulifika mahali pa kunizuia kumeza. Januari, ulipokwisha kuondoka nyumbani, nilikwenda nikapasuliwa. Daktari alinieleza mapema, tena kwa upole, kwamba mshipa wa sauti unapita hapo hapo na unaweza kushtuka, ukapona au usipone. Nikamwambia toa. Nilipoamka nikamwita muuguzi aniletee maji. Nikaita tena. Mama wa kitanda cha jirani akaniambia, "We mama, mbona unafungua mdomo kama samaki?"

Ndivyo nilivyojua.

Nina mnong'ono, Jeruto. Ukiniwekea sikio mdomoni utanisikia. Kuku wananisikia, ila wao hawajali. Simu haikuanguka kwenye pipa. Niliizima. Mtandao wa Kuresoi humeza hata maneno ya watu wenye sauti, sembuse yangu. Kwaya ya kanisani wamenipa kazi ya kusimama mbele na kuongoza kwa mikono, na wanasema sasa naongoza vizuri kwa kuwa siwezi kuwagombeza. Kipyegon nilimwapisha asikuambie. Maskini, naona kiapo kimemkondesha.

Sikukuambia kwa sababu nilitumaini itarudi. Halafu ukachaguliwa, nikajua ukisikia utafunga sanduku uje kunikorogea uji, na Kampala ikupite. Wewe ni mtu wa namna hiyo.

Siku ya mechi nilisimama kwenye uzio, upande wa goli. Ulipoingia nilikuona umepotea. Celestine alikuwa akikuambia lakini kwa chini, tena akichelewa. Ulikuwa na nafasi upande wa kulia, wazi kabisa, hata ng'ombe angepita. Nikafungua mdomo. Ningekuwa na sauti, refa angenitoa nje, maana ni wakati wa kunyamaza. Lakini nilikuwa mtazamaji mwenye nidhamu kuliko wote uwanjani. Mpira ukatoka, watu wakapiga makofi na kelele, na mimi nikafungua mdomo tena. Uligeuza kichwa upande wangu. Nikashindwa kukaa pale. Kukuonea haya? Nilijionea haya mwenyewe.

Sasa umejua. Na wewe je? Hiyo "silaha isiyotolewa kila siku" ni hadithi ya nani?

Shangazi yako


Nakuru
16 Juni 2025

Shangazi wangu,

Nimeisoma barua yako mpaka nukta zimelala. Nililia, halafu nikafika kwa yule mama wa samaki nikacheka, halafu nikalia kwa sababu nimecheka. Jepkemei alikuja kunishika bega na kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni ng'ombe wa shangazi amezaa. Akaenda zake akinung'unika.

Sifungi sanduku. Nilifikiria, nakiri, hata soksi nilikuwa nimezitia. Lakini kocha ametuambia wiki hii kwamba orodha ya Kampala itakatwa mwishoni mwa Julai, na mimi niko ukingoni. Ndio, hiyo ndiyo silaha yenyewe. Tangu Machi nimecheza dakika chache kuliko mtu anayebeba maji.

Na sababu si Celestine peke yake. Akisema "kulia", mimi moyoni nangoja kwanza. Nangoja niisikie kwa namna ulivyokuwa ukiisema wewe, kama mtu anayemfukuza nyani kwenye mahindi. Nikiingoja hiyo, yeye ameshasema lingine, na beki ameshanifikia na "voy" yake. Kocha anadhani masikio yangu ni mazito.

Jana nilimwambia Celestine habari zako zote. Akasema, "Mimi nataka kumwona huyo mama." Nikamwambia mama mwenyewe haongei sana siku hizi. Akasema, "Hata mimi. Tutaelewana."

Mimi siruhusiwi kutoka kambini kwa ajili ya paspoti na vipimo. Yeye anakuja Jumamosi na lori la Kipyegon. Mpe sweta, watu wa Ndabibi hawajui baridi. Na washa hiyo simu. Hata ukininong'onea nusu, nitaichukua hiyo nusu.

Anayekupenda, na angalia nilivyoiandika vizuri,
Jeruto


Kuresoi
30 Juni 2025

Jeruto mwanangu,

Mgeni wako alifika salama, amekaa siku mbili, amekula kama mtu mwenye afya. Kampala amemramba koti zima. Sasa ngoja nikupe yaliyotokea, maana najua yeye akikuhadithia atapunguza.

Jumamosi tulikaa jikoni tukimenya viazi. Mimi nanong'ona, yeye anaongea chini chini, paka akadhani hakuna watu akapanda mezani. Nikamuuliza, mwanangu, una sauti, kwa nini huitoi? Akamenya kiazi mpaka kikaisha. Ndipo akasema kwamba katika timu aliyoielekeza kwanza, alimwita msichana kwa nguvu, "Njoo, njoo mbele!", na yule msichana akaja kwa mbio zote akagonga nguzo ya goli. Akapasuka nyusi. Alishonwa, akapona, na hata alicheza tena. Lakini Celestine tangu hapo kila neno analipima kabla halijatoka. Anaogopa kukuumiza wewe.

Nikacheka. Kucheka kwangu siku hizi ni kama pancha ya baiskeli, akashtuka. Nikamchukua nje nikamwonyesha, huku nikimwambia: Mti ule wa mparachichi, Jeruto ameugonga. Nguzo ya zizi, ameigonga, na nguzo ndiyo iliyolegea. Mlango wa choo, tangi, punda wa Kiprugut. Hakuna kitu kilichosimama Kuresoi ambacho mtoto huyu hajakigonga, na kila mara aliinuka akauliza mpira uko wapi. Ukimwita kwa hofu ataisikia hofu. Mwite mapema. Akigonga, agonge, kisha umwite tena.

Jumapili baada ya kanisa tukapanda pale juu, penye upepo. Ng'ambo Kiprugut alikuwa akipalilia. Nikamwambia Celestine, mwite yule mzee. Mara ya kwanza hata mimi niliyekuwa kando sikusikia. Nikawa namvuta sweta: nikivuta, ita. Nikivuta kwa nguvu, ita kwa nguvu. Nimemvutia sweta mpaka limekuwa gauni. Mwishowe akakasirika, mtoto wa watu, akafunga macho akapasua: "KIPRUGUUUT! NJOO!"

Jeruto, ndege waliruka. Kiprugut alitupa jembe, akateremka bonde mbio, akapandisha huku na ndoo ya maji, na nyuma yake mke wake na ndoo nyingine, na mbwa. "Moto uko wapi?" anauliza. "Moto uko wapi?" Celestine alitaka kuingia ardhini. Mimi nikawakaribisha chai.

Mzee alipopumua alisema, "Huyu msichana akiniita tena nitakuja tena. Sina uwezo wa kukataa."

Hiyo ndiyo sauti unayoitaka. Si yangu. Yangu ilikuwa kali kidogo, ya kwake ni nene. Lakini ipo, nimeisikia kwa masikio yangu. Sasa kazi iliyobaki ni yako: mfuate. Ukiendelea kungoja sauti yangu utangoja mpaka uzeeke kwenye hiyo saruji.

Nimewasha simu.

Shangazi yako


Kampala
17 Oktoba 2025

Shangazi,

Uganda ni nchi ya ndizi na watu wakarimu. Wametupa matoke asubuhi, mchana na jioni, na Jepkemei ameanza kuota ugali. Kipyegon alinikuta jana hotelini, eti siku hizi amepanda cheo, anavusha viazi mpaka huku. Anarudi leo, kwa hivyo naandika haraka.

Nimekupigia mara mbili juzi, nikasikia upepo na Kampala akilia. Ulikuwa ukisema kitu, sikukipata. Ndiyo maana naandika.

Mechi ya kwanza tulifungwa. Sikucheza. Mechi ya pili ilikuwa na Ujapani, na tusiposhinda tunarudi nyumbani. Kipindi cha pili, hakuna goli bado, kocha akanigusa bega. "Jeruto, nenda."

Nilifunga kitambaa cha macho kama wote, maana wengine huona kivuli kidogo na kitambaa kinatufanya sote kuwa sawa. Uwanja ulikuwa umejaa lakini kimya, Shangazi, kimya kama kabla ya mvua ya mawe. Nilisikia njuga za mpira, viatu, pumzi za watu.

Jepkemei akanipa mpira. Celestine akaita, "Jeruto! Mbele! Mbele, kuna nafasi!" Nikaenda. Sikungoja. Na nikaugonga ule ukuta wa pembeni kwa bega, nikaanguka chali. Nikadhani sasa atanyamaza, sasa ataanza kunong'ona. Hata kabla sijavuta pumzi: "INUKA! Mpira uko kushoto kwako! KUSHOTO!" Mjapani anakuja, "voy, voy," nikamzunguka. "Kulia kidogo! Goli liko hapa! PIGA!"

Nikapiga.

Kuna sehemu ndogo ya wakati ambapo mpigaji hajui. Njuga zinalia hewani zikiondoka, halafu ama unasikia mikono ya kipa, ama mbao, ama nyavu. Nikasikia nyavu. Halafu uwanja mzima ukapasuka, na Celestine akaja akaniangukia, na Jepkemei akatuangukia sote wawili, na hapo ndipo nilipoumia kweli.

Tulishinda moja bila. Nusu fainali Waajentina walitufunga manne, tukawapongeza. Leo asubuhi tumefungwa tena, tumekuwa wa nne. Hakuna medali. Kocha amelia, sisi tumembembeleza.

Kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine. Nilipopiga ule mpira, haikuwa sauti yako niliyokuwa nikiisikia. Wala sikuitafuta. Ilikuwa ya Celestine, nene, na niliifuata kama yake. Usiku nilipolala ndipo nilipolitambua hilo, nikahisi kama mtu aliyehama nyumba bila kuaga.

Tunafika Nakuru Jumapili mchana kwa basi la timu.

Jeruto


Kuresoi
18 Oktoba 2025

Jeruto mwanangu,

Kipyegon ameleta barua yako leo alfajiri, nami namrudishia hii aiwahishe Nakuru kambini, akupe hata kama ni kwenye dirisha la basi kabla hujashuka. Ameendesha usiku kucha, macho yake ni kama nyanya. Nimempa chai.

Hilo goli nililiona. Tuliangalia kwenye simu ya Kiprugut, tumejazana sebuleni kwake, kwaya yote, na mchungaji juu ya gunia. Niliwakataza kuongea. Nilisimama mbele nikawaongoza kwa mikono: kimya! Mke wa Kiprugut akauliza kwa nini tunyamaze na uwanja uko Kampala. Nikamtolea macho. Walinyamaza wote, hata watoto, hata ile redio. Na sote tukamsikia Celestine kwenye simu ile ndogo. Kiprugut alisimama wima. Alisema miguu ilisimama yenyewe.

Mpira ulipoingia nyumba ilitaka kuondoka na paa. Mimi nilitoka nje. Nilikwenda kumkama yule mwekundu ingawa haukuwa wakati wake. Nililia kidogo, naye kwa mara ya kwanza hakunionyesha kiburi.

Usihisi vibaya kwa habari ya kuhama. Mwezi uliopita nilirudi kwa daktari. Alinichungulia kooni na taa, akasema, mama, hii ndiyo sauti yako sasa. Niliuliza mara moja tu, nikatoka, nikanunua mbegu za kabichi. Nilichokuwa nikikiogopa si kunyamaza. Ni wewe kubaki umesimama katikati ya uwanja ukinitegea sikio. Sasa umekwenda mbele na goli umefunga. Ningekuwa mtu mbaya kama hilo lingeniuma. Liliniuma kidogo, mpaka ndoo ilipojaa. Basi.

Kesho tunakuja Nakuru sote, kwaya, Kiprugut, baba yako amepewa ruhusa na trekta. Nasikia kutakuwa na ngoma, vigelegele na watu wengi wanaotaka kupigwa picha nanyi. Katika kelele hiyo hutanisikia, hata usijaribu. Ukishuka kwenye basi simama hapo hapo mlangoni, unyooshe mkono wa kulia. Utashikwa na wengi. Ukishikwa na mkono laini wenye manukato, huyo ni mwanasiasa, mwachie. Endelea kuunyoosha mpaka upate mmoja mkavu, wenye udongo kwenye kucha, ambao hautakubali kukuachia.

Kwa hivyo mizigo yote ibebe kwa kushoto.

Shangazi yako,
Chepkosgei